Pua ya Eladio

Kila siku shule ikiisha, watoto wa mtaa wetu huja kiwanjani na mpini wa ufagio wa kupigia na mpira wa soksi. Mpira wenyewe ni soksi kuukuu zilizokunjwa na kushonwa zikawa donge. Kwenye vumbi hilo ndipo marehemu Eladio Sención alipojifunza besiboli, kabla hajaenda ng'ambo kuchezea timu kubwa na jina lake kujaa redioni.

Enzi hizo Mzee Fabio, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa akimfukuza kwa mawe. Leo Mzee Fabio ni mwenyekiti wa kamati ya kumkumbuka Eladio. Watu wa namna hiyo hawakosekani. Mtu akishapata jina, kila aliyemtukana hukumbuka kwamba aliwahi kumpa maji ya kunywa.

Kamati ilijenga nguzo fupi kiwanjani, na juu yake ikaweka sanamu ya kichwa cha Eladio. "Marumaru halisi hiyo," Mzee Fabio alituambia sisi tuliochanga. "Imevuka bahari." Wakaifunika kwa shuka kungojea sherehe ya Jumapili, na watoto wakakatazwa kucheza karibu. Yaani uwanja wa mchezaji, marufuku kucheza.

Watoto walicheza vilevile. Ijumaa jioni Yaritza, msichana wa miaka kumi na miwili, aliupiga mpira ukapaa, kisha ukashuka moja kwa moja juu ya shuka. Walipofunua, pua ya Eladio ilikuwa chini.

"Tumekwisha," alinong'ona Nelfi, rafiki yake. "Funika upesi. Hakuna aliyeona."

Wakafunika, wakakimbia.

Jumapili padri alikuja, bendi ikaja, na kamati ikakaa mbele, tai shingoni. Mzee Fabio alihutubia mpaka wapiga tarumbeta wakasinzia. Hatimaye akavuta shuka. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi.

Mzee Fabio hakujisumbua kuuliza. Alinyoosha kidole pembeni, kwa Wilner, Mhaiti anayeuza karanga kwenye kona ya kiwanja.

"Ni huyu. Meza yake ipo hapohapo. Iondoeni, na nisimwone tena hapa."

"Mzee, mimi nauza karanga," Wilner alisema. "Pua ya marehemu nitaipeleka wapi, nikaikaange?"

Watu walicheka, lakini wanaume wawili walikuwa wameshainua meza yake, na karanga zikawa zinamwagika. Meza hiyo ndiyo iliyomlisha Wilner na wanawe.

Yaritza akaanza kwenda mbele. Nelfi akamshika mkono. "Nyamaza wewe. Mhaiti tu huyo."

Yaritza alimtazama Nelfi kama mtu aliyeona funza kwenye embe. Kila alipopiga mpira vizuri, Wilner ndiye aliyemrushia karanga. Akajinasua, akaenda na mpira wa soksi mkononi.

"Ni mimi, Mzee Fabio. Niliivunja Ijumaa kwa mpira huu, nikaifunika, nikakimbia. Mwacheni Wilner."

Mzee Fabio aliutazama mpira wa soksi, akakunja uso. "Toka hapa, mwongo we. Mpira wa soksi utavunja marumaru?"

Nyuma kabisa, kwa sababu viti vya mbele vilikuwa vya kamati, Bi Eufemia aliinuka na fimbo yake. Huyo ndiye mama mzazi wa Eladio.

"Hebu rudia, Fabio. Masikio yangu yamezeeka."

"Nasema mpira wa soksi hauwezi kuvunja marumaru."

"Hapo umesema kweli. Tuiandike tarehe."

Alijikongoja hadi kwenye sanamu, akakwaruza kwa ukucha pale palipokuwa na pua. Unga mweupe ukamwagika juu ya gauni lake jeusi.

"Plasta," alisema. "Hii hii unayouza dukani kwako."

Mwenyekiti akaanza kutafuta miwani yake, nayo ilikuwa usoni. Wale wanaume wawili wakairudisha meza polepole, kama watu waliokuwa wakiipangusa vumbi tu. Jioni hiyo wachangaji walijaa mlangoni kwa Mzee Fabio wakidai chao.

Lakini kabla hatujaondoka kiwanjani, Yaritza aliinama kuokota karanga. "Nisamehe, Wilner."

"Umechelewa, binti, lakini umefika," Wilner alimjibu, macho yakiwa kwa kamati. "Wenzako hata viatu hawajavaa."

Padri alishauri pua ibandikwe, kisha uzio ujengwe. Bi Eufemia akakataa.

"Iacheni hivyo hivyo. Jiwe lisilovumilia mpira halimfai mwanangu." Akamgeukia Yaritza. "Na wewe, siku nyingine ukivunja kitu, sema siku hiyohiyo. Ukinyamaza, watu hutafuta mnyonge wa kumbebesha kosa lako. Leo umesema ukiwa mtoto, ndiyo maana bado unapona. Fabio amejipaka rangi miaka mingi, na mtaa mzima umeona kilichokuwa ndani."

Sanamu ipo mpaka leo, haina pua. Wageni wakiuliza nani aliivunja, Yaritza huweka mpini wa ufagio begani.

"Mimi," hujibu. "Sogeeni kidogo, tunacheza."