Kipande cha Pili cha Leso

"Dada, nipatie leso," alisema Zadok Otuoma katikati ya kelele za soko la Mkuyuni. Alikuwa fundi wa injini za boti. Shati limenyooshwa pasi, kucha zina grisi.

Paskazia, muuza vitambaa, akampa kitambaa cha kufutia jasho.

"Hiki nitamfunga nani kiunoni?"

"Kumbe unataka khanga. Si useme."

"Kwetu Rorya, mpakani na Kenya, khanga ndiyo leso. Neno la Wareno hilo. Wao walimaanisha kitambaa tu. Wanasema wanawake wa Mombasa wakaviunga vitambaa sita, ikawa nguo."

Paskazia akacheka huku ameinamisha uso. Zadok akanunua doti nyekundu ya khanga, akaomba ikatwe vipande viwili, akamrudishia kipande kimoja.

"Chako."

"Na cha pili?"

"Kina kazi yake."

Miezi mitatu simu haikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Sijala, nakuwaza wewe."

"Mimi si ugali, Zadok. Nenda ukale."

Jumamosi moja Paskazia, kajifunga khanga yake, akamwona mwanamke akipita meza kwa meza. Mrefu, mbichi, nywele kasuka vizuri. Kiunoni, kipande cha pili. Tena anaongea na simu: "Nimefika, Zadok wangu."

Paskazia akatafuta namba ya Zadok. Akapiga simu; inatumika. Akapiga tena.

"Mamii," akaitika Zadok.

"Mamii wako yuko hapa sokoni na leso yako."

"Paskazia, ngoja nikueleze..."

Akakata. Mwanamke alipofika mezani, Paskazia alikwishaifungua khanga aliyojifunga juu ya gauni. Akamsukumia.

"Chukua, doti yako itimie. Na yeye mchukue."

Mwanamke akaitazama khanga, kisha akamtazama yeye, taratibu.

"Naitwa Awuor. Ni shangazi yake Zadok. Usiangalie umri, babu yake alizaa mpaka uzeeni. Kwetu, kabla ya posa, shangazi hutangulia kumwona binti, na binti haambiwi, asije akajipamba. Nilimuuliza nitakujuaje kwenye soko lote hili, akanipa kipande hiki, nitafute aliyevaa mwenzake."

Paskazia alikuwa amejifukuza ukweni mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi," akanong'ona. Machozi yakamtoka.

"Marahaba. Sasa nyumbani nikasemeje?"

"Sema nina wivu. Sema nampenda, siwezi kumgawa."

Awuor akachukua kitambaa kimoja mezani, akampa ajifute.

"Hiki mnakiitaje hapa?"

"Leso."

Akamtandazia khanga ile aliyosukumiwa mabegani. "Na hii?"

Simu ilikuwa ikiita mezani, jina la Zadok linawaka. Paskazia akaikusanya khanga kifuani kwa mikono miwili.

"Hii nayo leso," akasema, kisha akapokea simu.