Kibanda Chenye Sura ya Kepteni

"Sogea karibu na jeneza, Kaka Selmo. Shika gunia, tuonekane wote."

Nyie mnaonisoma, aliyesema hayo ni mkuu wa kijiji chetu huku milima ya Benguet, Ufilipino. Tunamwita Kepteni.

Mke wangu Felisa amelala pale sebuleni, mimi nakabidhiwa gunia la mchele lililochapwa sura ya Kepteni, kama nimeshinda bahati nasibu...



Felisa alifukiwa na udongo ndani ya kibanda cha abiria, akiwa na kabichi zake za sokoni, akisubiri jipni, gari letu la abiria. Kibanda alikijenga Kepteni. Kina sura yake mbele na nyuma, chini kabisa ya mlima unaobomoka.

Na alionywa! Kabla hajajenga alikuja binti mmoja, mtaalamu wa miamba, anaitwa Riza. Alileta ramani ya barabara zetu zote. Imetengenezwa kwa takwimu za wazi, mwenye simu yeyote anaifungua bure. Mvua ikinyesha, penye hatari panageuka pekundu. Ile kona ya kibanda ilikuwa nyekundu pyu.

Kepteni akamwambia anafukuza watalii, hiyo rangi akapake kucha. Wapambe wake wakacheka.

Sasa mpambe mmoja alikuwa anarusha msiba wangu mubashara. Kepteni akaniegemea, ananuka marashi na mafuta ya nguruwe wa matanga.

"Waambie watu, kaka. Hakuna aliyejua. Tutakijenga upya palepale, tukiite Felisa."

Palepale. Anaposubiria gari binti yangu Jovy akienda shule.

Mvua ikaanza kupiga bati. Dereva wake akachungulia mlangoni, simu mkononi.

"Kepteni, tuondoke. Ile kona imeshakuwa nyekundu kwenye ramani. Tuzungukie njia ndefu, kama siku zote."



Kama siku zote!

Kepteni akaashiria kamera izimwe. Nikamdaka mpambe mkono.

"Usizime. Si mlitaka niongee?"

Nikamuuliza dereva tangu lini. Akatazama viatu vyake.

"Tangu yule binti alipokuja, mzee. Mvua ikinyesha, bosi hapiti pale."

Nikamsukumia Kepteni gunia lake kifuani. Kijiji kizima kilikuwa kinatazama, na hadi leo hajapata hata fundi mmoja wa kupanga tofali pale. Kibanda kipya tumekijenga wenyewe ng'ambo ya kona, pasipogeuka pekundu. Hakina sura ya mtu.

Ramani ilikuwa yetu sote. Yeye aliisoma kwa ajili ya gari lake tu. Fungueni simu zenu mjionee, msingoje mkubwa awasomee. Mimi nilingoja.