Mdogo Wangu Alikuwa Hapimwi

Mimi ni fundi cherehani. Mdomo wangu hauna breki, wateja wote wanajua. Mdogo wangu ndiye mpiga pasi wa duka letu. Yeye ni mpole, anaongea kwa nadra. Watu humwita Kimya.

Miaka mitatu iliyopita Kimya aliugua akili. Alisikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Hakulala, hakula, akabaki mifupa mitupu. Daktari akampa vidonge vya kumeza kila siku. Namshukuru Mungu, sauti zilinyamaza. Akarudi kazini.

Kisha akaanza kunenepa. Nilifurahi mno. Nilipanua kiuno cha suruali zake mara nne, na kila mara nilikuwa naimba. Watu wakisema, "Fundi, mdogo wako amenawiri," kichwa kilinivimba.

Tena nikajifanya dada mwema. Kila mwezi nilikwenda kliniki kumchukulia dawa, ili yeye asikose kazi. Nilionyesha kadi dirishani, nikapewa vidonge, nikarudi.

Siku moja alikuja muuguzi, mteja wangu wa siku nyingi. Alitaka nimpunguzie sare. Akakaa kusubiri. Kimya akanywa jagi zima la maji, akaenda chooni. Akarudi, akanywa tena, akaenda tena. Mwishowe akasinzia amesimama, pasi mkononi.

"Anakunywa hivi tangu lini?" muuguzi aliniuliza.

"Joto la pasi hilo, sista."

"Joto la pasi halimpeleki mtu chooni kila mara." Akamgeukia Kimya. "Kaka, kuna dawa unayotumia?"

"Natumia za akili," Kimya akajibu.

"Umepimwa lini uzito? Na sukari?"

"Mimi siendi kliniki. Dada huniletea."

Muuguzi akanitazama. Hakunifokea. "Fundi, dawa hizi zinasaidia sana. Lakini baadhi yake huongeza njaa na unene. Sukari inaweza kupanda. Presha pia, na mafuta kwenye damu. Ndiyo maana mtu hupimwa kabla ya kuanza, hupimwa miezi ya mwanzo, kisha angalau mara moja kila mwaka. Pale dirishani wanaona kadi yake tu. Yeye hawamwoni."

Kumbe wema wangu ndio uliomficha.

"Basi azitupe leo hii," nikasema.

"Usithubutu. Akiziacha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi. Hana haja ya kuchagua kati ya akili na mwili. Nendeni kliniki sasa hivi."

Nilifunga duka mchana kweupe. Kliniki walimpima uzito, kiuno na presha. Wakamtoa damu. Sukari ilikuwa juu sana.

"Mmewahi," daktari alisema. "Mngechelewa, angeweza kuzimia, hata kufa."

Akampa dawa ya sukari. Ile ya akili akambadilishia taratibu, huku akimfuatilia kwa karibu. Akamshauri aache soda, ale mboga zaidi na atembee kila siku. Akampangia kupimwa kila baada ya miezi mitatu.

Njiani nililia waziwazi. Nilikuwa karibu kumpoteza kwa mapenzi yangu mwenyewe. Kimya akanishika bega, tukatembea hivyo mpaka nyumbani.

Sasa imepita miezi sita. Sukari imeshuka. Sauti hazijarudi. Anakuja kazini kwa miguu, nami namfuata nyuma nikihema. Yule muuguzi nimemshukuru mpaka amechoka kushukuriwa. Juzi aliniomba nimwache ajaribu sare yake kwa amani.

Wiki iliyopita siku ya kliniki ilifika. Kwa mazoea nikavaa viatu, nikabeba kadi. Kimya akaja, akaichukua mkononi mwangu.

"Asante, dada, kwa miaka yote hii," alisema. "Dawa uliweza kunichukulia. Mwili huu lazima niupeleke mwenyewe."

Nikavua viatu. Yeye akaenda kupimwa.