Vumbi la Kijani Bandani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alinawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, akavaa aproni, kisha akaingia kwenye banda la uyoga. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua kutulia. Lakini tangu baba azikwe, maneno yalimkauka. Nyumbani walibaki wawili tu, yeye na shangazi yake, dada wa marehemu.

Banda lilikuwa na giza na unyevunyevu, kama uyoga upendavyo. Kwenye rafu ilipangwa mifuko ya plastiki iliyoshindiliwa majani makavu yaliyochemshwa ili kuua vijidudu. Shangazi alikuwa amepanda mbegu ya uyoga humo, na nyuzi nyeupe zilikuwa zimeanza kutambaa ndani ya majani. Uyoga huo ndio uliowalisha. Kazi ya Chiriku ilikuwa kunyunyizia kuta maji na kukagua mifuko.

"Ukiona doa la kijani," shangazi alikuwa amemwonya mapema, "usiliguse wala usilipulize. Niite."

Asubuhi moja, akipita kwa haraka, Chiriku aligonga mfuko kwa kiwiko. Ukaanguka, ukapasuka ubavuni. Alitaka kuita, lakini alipochungulia nje alimwona shangazi ameketi uani, koti la marehemu kaka yake mapajani, akitazama ukuta. Chiriku akaona vibaya kumwongezea mzigo. Akaziba mpasuko kwa utepe wa gundi, akausukuma mfuko nyuma ya mingine, akaenda zake.

"Mbona umenuna?" rafiki yake alimuuliza njiani.

Chiriku akamweleza.

"Si umwambie tu? Mfuko mmoja una nini?"

"Hujui kwetu kulivyo sasa. Hata kijiko kikianguka, shangazi analia."

"Haya. Lakini bibi yangu husema, mficha maradhi kifo humuumbua." Mara rafiki akajiuma ulimi, kwa kukumbuka msiba wa mwenzake. Wakaharakisha hadi shuleni.

Juma lililofuata, doa liliota pale kwenye mpasuko. Lilianza likiwa jeupe, Chiriku akafurahi akidhani ni nyuzi za uyoga. Baada ya siku mbili likawa la kijani. Akachukua kitambaa kikavu, akalifuta. Vumbi laini likafuka kama moshi wa kijiti cha kiberiti, likampiga puani, akapiga chafya. Doa likaonekana limetoka. Kwa kitambaa kilekile akafuta mifuko ya jirani ili ing'ae, kisha akamwaga maji kwa nguvu kwenye rafu nzima. Akatoka akijiona amemaliza kazi.

Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Madoa yalichipuka kwenye mfuko wa pili, wa tano, kisha rafu yote. Chiriku alisema ni salama kila shangazi alipomuuliza habari za banda, na kila alipolisema neno hilo lilikuwa zito zaidi mdomoni.

Siku shangazi alipoingia kutazama kama uyoga umechomoza, alisimama katikati ya banda. Kuvu ya kijani ilikuwa imefunika karibu kila mfuko, na harufu ilikuwa kama ya nguo zilizosahaulika majini.

"Ni mimi," shangazi alisema hatimaye kwa sauti ya chini. "Siku ile ya kuchemsha, mawazo yalikuwa kwa kaka yangu. Lazima niliyaepua majani kabla hayajachemka sawasawa. Nimeliua jasho letu kwa mikono yangu."

Chiriku akautazama mfuko wenye utepe wa gundi.

"Nitalifunga banda," shangazi akaendelea. "Wewe utaenda kwa mjomba wako. Hapa nitakulisha nini, mwanangu?"

Hapo Chiriku hakuweza kuvumilia tena. Machozi yalimtangulia. "Shangazi, si majani. Ni mimi." Akasema yote: kiwiko, utepe, kitambaa, na salama zake za uongo.

Shangazi hakumpiga wala hakumgombeza. Alimshika mkono, wakatoka nje, wakaketi juu ya ndoo zilizopinduliwa.

"Lile vumbi ulilofuta," shangazi alisema, "unajua ni nini?"

"Uchafu?"

"Ni vijimbegu vya kuvu. Kuvu ile huanza na nyuzi nyeupe, kama za uyoga wetu. Kisha nyuzi zake husimama, na kwenye ncha zake vijimbegu huota vishada kwa vishada. Haihitaji dume wala jike. Hujizalia yenyewe, na kila kijimbegu hufanana na mzazi wake kabisa. Ikigeuka kijani, ujue imeshazaa."

"Kwa hiyo nilipoifuta…"

"Uliipanda kila mahali. Vijimbegu ni vidogo, huvioni kimoja kimoja. Hupeperushwa na pumzi tu. Hurushwa na matone ya maji, hushika nguoni, mikononi, kwenye kitambaa. Kijimbegu kikitua mahali penye unyevu na chakula, kinaota, nacho kinazaa."

Chiriku aliitazama aproni yake kana kwamba imevaliwa na mtu mwingine.

Walianza kazi siku hiyohiyo. Walijifunga vitambaa puani, wakafunika kila mfuko mgonjwa kwa gunia lililoloweshwa ili vumbi lisipae, wakaitoa polepole na kuifukia shimoni mbali na banda. Wakachemsha nguo zao, wakasugua rafu kwa sabuni, wakapaka kuta chokaa. Mifuko michache tu ya rafu ya mbali ilipona. Msimu wote ule walikula kwa kupima, na viatu vya Chiriku vilivyotoboka viliendelea kuingiza matope. Hakulalamika.

Banda lilipokauka, shangazi alichemsha majani upya, wakajaza mifuko mipya. Nyuzi nyeupe zikaanza tena kutambaa. Ndipo asubuhi moja Chiriku akaona alama ya kijani, ndogo kuliko punje ya mtama. Hakuigusa.

"Shangazi," aliita. "Njoo uone. Sijui kama nimekosea mahali."

Shangazi alikuja na gunia bichi. Aliufunika mfuko taratibu, akautoa, wakaufukia pamoja. Kisha akanawa mikono, akamgeukia.

"Leo tumepoteza mfuko mmoja. Ule wa kwanza nao ulikuwa mmoja, mwanangu. Kosa likisemwa likiwa changa, watu wawili hulizika wakarudi kazini. Likifichwa, huzaa lenyewe, halingoji mtu. Nami, hata nikilia, niambie ukweli. Huzuni yangu naweza kuibeba. Uongo wako siwezi."

"Ndiyo, shangazi."

"Haya, kanawe. Utachelewa shule."