Pembe ya Nne ya Jeneza

Asubuhi ile Shomari wa Kurui aliamka kama alivyozoea, kidogo kidogo. Kwanza aligeuka ubavu, kisha akashika ukingo wa kitanda cha kamba, kisha akamwita mkewe, Mwanahalima, amsukume mgongoni. Miaka minne shingo yake ilikuwa imekakamaa, na maumivu yalishuka kutoka kisogoni, yakapita begani, yakapiga kambi kiunoni. Ukimwita kwa nyuma alilazimika kugeuka mwili mzima. Watoto wa jirani walimwiga wakicheka, naye alicheka nao, maana angefanyaje? Shomari alikuwa mjomba wa mama yangu, na mama hakuwa mtu wa kutia chumvi. Nami nasimulia kama alivyonisimulia.

Hakuna alichoacha kujaribu. Kisarawe alipewa dawa ya kuchua iliyonuka mpaka mbuzi wakamkimbia. Maneromango alipewa vidonge. Aliumikwa kwa pembe atolewe damu, akachanjwa chale, akalala juu ya mchanga wa moto. Wapi! Mdogo wake, Pazi, ndiye aliyemlimia shamba la muhogo miaka yote hiyo, kila siku, kabla hajagusa shamba lake mwenyewe. Hakulalamika hata mara moja.

"Kaka, wewe pona tu," ndivyo alivyokuwa akisema, kisha anatia jembe begani na kwenda zake.

Ilikuwa katika miaka ile ya nzige waliposikia habari za Bi Biubwa wa Kibaha, mkandaji aliyesifiwa kwamba mtu huingia kwake amebebwa na kutoka akikimbia. Wakaenda kwa miguu siku mbili, mizigo yote kichwani kwa Pazi.

Bi Biubwa alikuwa mama mfupi, mcheshi, mwenye viganja vipana. Aliitikia shikamoo zao, akamwacha Pazi barazani, akamlaza Shomari kifudifudi ndani. Akaanza kumkanda huku akimtania kwamba mgongo wake mgumu kama kinu. Mikono ikapanda mpaka shingoni. Hapo utani ukakatika. Mikono nayo ikasimama.

"Nani huyu unayembeba?" alinong'ona.

"Sijambeba mtu, mama."

"Baba, usinidanganye. Nimekanda migongo tangu enzi za Mdachi. Huu si ugonjwa. Huu ni mzigo."

Shomari akalia. Akamweleza jambo ambalo hata mkewe hakulijua.

Miaka minne nyuma walikwenda kumzika Mzee Mwishehe, muuza chumvi, mtu wa mwili mkubwa. Kwetu jeneza hubebwa kwa kupokezana. Ukishaingia chini ya pembe yako, hutoki mpaka mwenzako aje, aweke bega lake karibu na lako na kusema, "Nikupokee." Ndipo unainama na kutoka. Kila mwanaume anataka thawabu ile, na jeneza halitui mpaka kaburini. Siku hiyo Shomari alishika pembe ya nyuma, upande wa kushoto. Walipofika kijitoni tope lilikuwa jingi, bega linawaka moto, na hakuna aliyekuja kumpokea. Akachoka. Akainama, akachomoka.

Pembe ikashuka. Ndani ya jeneza kichwa cha marehemu kiligonga mbao. Ko. Wote waliusikia mlio. Mtu mwingine akairukia ile pembe, wakaendelea. Shehe akauliza nani alikuwa pale. Shomari alikuwa pembeni anaosha miguu, kama mtu aliyepokewa zamani. Akanyamaza. Kesho yake hakuweza kugeuza shingo.

"Aliyekuja nyuma yako alipokea mbao tu," Bi Biubwa alimwambia. "Uzito ulibaki kwako. Rudi pale kijitoni, saa ile ile ya maziko. Weka bega, nao wabebaji watakuja. Mbebe mpaka kaburini umfikishe. Usiseme neno. Na unisikilize vizuri, baba. Asikupokee mtu. Atakayekupokea, yeye hatapokewa na yeyote."

Barazani Pazi alisimama haraka. "Amesemaje, kaka?"

"Amesema nitapona."

Mengine angeanzia wapi? Mdogo wake amemlimia miaka minne kwa sababu ya ugonjwa aliojitakia mwenyewe. Aliona haya, akaona heri anyamaze. Mimi nikifika hapa huwa napandwa na hasira hadi leo, kwa sababu sentensi mbili tu zingetosha.

Alhamisi iliyofuata, baada ya sala ya adhuhuri, Shomari alimwambia mkewe anakwenda kuangalia mihogo. Mwanahalima alimtazama akienda, mtu asiyeweza hata kushika jembe, akaona njia aliyoshika si ya shambani. Akamwita Pazi.

"Shemeji, hebu mfuate kaka yako. Sipendi anavyokwenda."

Kijitoni jua lilikuwa kali na hapakuwa na mtu. Shomari akaingia majini. Akainua bega la kushoto, akapandisha mkono kana kwamba ameshika mti wa jeneza. Akajiona mjinga. Akataka kuushusha.

Mbao ikatua begani.

Hakuiona. Aliihisi tu, nzito, baridi, imemkaa sawasawa shingoni. Mbele yake maji yakatibuka. Kisha kulia kwake. Kisha mbele, upande wa kulia. Miguu mitatu ya kwanza ilikanyaga tope, na tope likabonyea. Watu hawakuwapo. Pumzi zao zilikuwapo, pumzi za wanaume wanaopanda mlima.

Wakaondoka.

Kutoka kijitoni mpaka makaburini si mbali, ila ni kupanda tupu. Shomari alihesabu hatua. Ishirini. Arobaini. Uzito ukaongezeka. Mifupa ya shingo ikalia. Karibu na sikio lake, ndani ya mbao, kitu kikagonga. Ko. Kikanyamaza. Ko. Jasho likamwingia machoni. Aliiona miti ya makaburini. Zilibaki hatua kama mia.

"Kaka!"

Makubadhi yalikuja mbio nyuma yake. Pazi alimkuta kaka yake peke yake njiani, amepinda, bega juu, midomo imekauka, na juu ya bega lile hakuna kitu.

"Una nini, kaka? Nini kinakulemea?"

Shomari hakuruhusiwa kujibu. Alikaza macho mbele. Pazi hakuuliza tena. Alifanya lile alilofundishwa tangu utoto kumfanyia mtu aliyeelemewa. Akaweka bega lake karibu na la kaka yake.

"Nikupokee," alinong'ona.

Shomari alijua. Hili nalisema wazi, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema wazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa mtupu. Angeweza kumsukuma mdogo wake akaangukia majanini.

Akainama. Akatoka.

Ilikuwa raha ambayo hakuwahi kuionja. Shingo ilialika, ikalegea, mgongo ukanyooka. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatazama juu mpaka akaona kunguru anapita, akacheka kwa sauti, machozi yanamtoka. Kisha akatazama mbele.

Pazi alikuwa anakwenda. Bega juu, hatua sawa na za watu wasiokuwapo.

"Pazi! Toka hapo! Pazi!"

Pazi alijaribu kugeuka. Shingo ikakataa. Jicho moja tu ndilo lililofika pembeni likamtazama kaka yake. Halikuwa na hasira. Lilikuwa linauliza. Kisha njia ikapinda, na miti ikamficha.

Shomari alikimbia. Alikimbia vizuri, kama kijana. Makaburini hapakuwa na mtu. Kaburi la Mzee Mwishehe lilikuwa limelowa maji, kama lililofukiwa muda huo huo.

Walimtafuta Pazi mpaka Mzenga. Askari waliotumwa kutoka Kisarawe waliuliza maswali mawili matatu, wakaandika kwamba amekwenda kutafuta kazi ya mkonge. Shomari alimweleza shehe yote, akaomba kaburi lifukuliwe. Shehe akasema kaburi la Mwislamu halifukuliwi kwa maneno ya namna hiyo.

Tangu siku ile, jeneza likivuka kijito, aliye chini ya pembe ya nyuma ya kushoto husikia sauti sikioni, ndogo, ya kijana aliyechoka. Watu wakaanza kuikwepa pembe hiyo. Shomari hakuikwepa. Kila maziko alisubiri kijitoni, akaishika yeye, akaibeba mpaka juu. Alilima mashamba mawili, lake na la Pazi, na hakuumwa mgongo tena maisha yake yote.

Mama yangu alikuwa mwari tu alipomuuliza, "Mjomba, hiyo sauti inasemaje?"

"Inasema, 'Nipokee, kaka.'"

"Kwa nini humwitikii?"

"Kila nikitoka nyumbani naapa kwamba leo nitamwitikia, mwanangu. Nikifika pale nayakumbuka yale maumivu."

Hayo aliyasema mwaka aliokufa, Mwingereza angali anatawala. Siku ya maziko yake hakuna aliyetaka kuipokea pembe ile walipofika kijitoni. Mzee aliyekuwa ameishika, Mwinyijuma, alipita majini, na hakusikia kitu. Alichokiona ni kwamba mbao iliondoka begani mwake. Ilikwenda juu kidogo, ikaenda hivyo, sawa na pembe nyingine, mpaka kaburini. Walipolitua, kwenye mti wa pembe ile palikuwa na jasho bichi, upana wa bega la mtu. Kesho yake wakaliweka jeneza juani siku nzima. Jioni walipokuja kulirudisha msikitini, bado jasho lilikuwa linatiririka.