Mtumbwi Mtupu wa Jipe

Gari moshi la Taveta lilikuwa limechelewa, na siku hiyo stesheni ya Voi ilikuwa imejaa mpaka kuku wanakanyagana. Mwaka wa sabini na nne. Makuli wanasukumana, wauza machungwa wanapiga kelele, vumbi jekundu limeingia mpaka kwa meno. Halafu breki zikalia, mlango wa behewa ukafunguka, na kikapu cha samaki kikatoka kabla ya mwenyewe. Kikamwangukia mtu kifuani puu!

"Woi! Samaki yangu!"

"Samaki yako? Na shati yangu je?"

Mwenye shati alikuwa Thadeus Mwandawiro, karani wa mapato katika ofisi ya kaunsil pale Voi. Kijana wa Kidawida, mtu wa milimani kule Mgange, afro imechanwa ikasimama, shati jeupe la kola ndefu, na chini yake suruali ya bel-bottom, pana hivi kwamba hata viatu huvioni. Sasa hilo shati jeupe lilikuwa na alama ya samaki mzima, mkia na yote.

Mwenye samaki aliruka chini kutoka kwa behewa. Wayua, binti ya Mzee Ndambuki, Mkamba wa Ziwa Jipe. Leso ya manjano kiunoni, kitambaa chekundu kichwani, bangili za shaba zinalia kila akitingisha mkono. Na huo mkono ulikuwa unatingishwa kweli.

"Ungesimama vizuri kikapu kingekupita. Mwanaume gani anazibia watu mlango?"

"Dada, mimi nilikuwa nimesimama tu."

"Umesimama na suruali kama hema mbili!" Akaanza kucheka. "Hiyo ukianguka nayo majini itakunywa ziwa lote. Utazama ukiwa smati."

Thadeus akajaribu kukasirika, akashindwa. Akabeba kikapu mwenyewe mpaka sokoni, akinuka samaki wa moshi barabara nzima, watu wanamwangalia. Huyo alikuwa ameisha, nakwambia.

Basi ikawa kila gari moshi la Taveta likiingia, Thadeus yuko stesheni. Wayua akamwita Bwana Ushuru, maana kazi yake ofisini ni mambo ya kodi na ada. Wakimaliza kuuza, wanakaa hotelini nyuma ya soko, chai ya maziwa na mandazi, na Wayua anapiga hadithi za ziwa. Thadeus anasikiliza mdomo wazi. Mtu wa milimani, maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mfereji wa shamba la mamake.

"Kwani huko mnavua aje?"

"Mitumbwi miwili miwili. Kaka yangu Musyimi anatangulia na nyavu, binamu yetu Kitheka anafuata kwa mwingine. Wa Musyimi unarudi umejaa, wa Kitheka unarudi mtupu."

"Mtupu? Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu! Kitheka anakaa tu huko nyuma anaimba. Na sauti yenyewe kama ya punda."

"Huyo ni mvivu basi!"

Wayua alicheka mpaka chai ikampalia. Alikuwa anataka kumwambia zaidi, lakini mama mmoja akaingia kuulizia samaki wa mwisho, bei ikaanza kuvutwa huku na huku, maneno yakaishia hapo. Hakulirudia, maana kwake yeye halikuwa jambo la kuelezwa. Jipe hata mtoto anajua.

Mapenzi yakakolea. Lakini kulikuwa na Mzee Ndambuki. Mzee hakutaka kusikia habari ya mkwe wa milimani, ati watu wa mlima wanaoga kwa kikombe. Mtu mmoja tu duniani ndiye angeweza kumlainisha, naye ni Musyimi, mtoto wake wa kwanza.

Musyimi mwenyewe alikuja Voi siku moja kumwangalia huyu kijana. Jitu refu, mabega ya kusukuma mtumbwi kwa upondo, kicheko cha kutikisa meza. Akamzungusha Thadeus kama anayenunua ng'ombe.

"Unampenda dada yangu?"

"Sana, kaka."

"Unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Basi hata ukitoroka hufiki mbali." Akampiga bega. "Tafuta mbuzi za ntheo, tujue binti amechumbiwa kwa mila. Ukileta mbuzi, mzee niachie mimi. Ananisikiliza mimi peke yangu."

Thadeus akanunua mbuzi. Akazifunga nyuma ya chumba chake hapo Voi, zikaanza kula nguo za majirani kwenye kamba.

Sasa, wakati huohuo, kaunsil ilikuwa imekaa kupanga ushuru mpya wa Jipe. Pesa za barabara zilikuwa zimekauka, na mtu fulani akakumbuka kwamba kule ziwani kuna mitumbwi haijawahi kulipa kitu. Mwenyekiti wa kamati akapendekeza ada ya bandari, ilhali bandari yenyewe ni matope na magogo mawili. Halafu akataka samaki watozwe kwa uzito, kikapu kwa kikapu.

Thadeus roho ikamruka. Kikapu kwa kikapu? Si ni Wayua huyo! Akasimama.

"Bwana mwenyekiti, tukitoza samaki tutaua biashara ya akina mama. Tutoze mtumbwi. Kila mtumbwi ulipe ada yake."

"Na wakisema ni nyingi?"

"Haitawaumiza. Nimeambiwa na mtu wa hukohuko, kila jamaa ana mitumbwi miwili, na mmoja unarudi mtupu kila siku. Ule wa bure watauweka chini, watalipia mmoja. Hakuna atakayepungukiwa na samaki hata mmoja."

Wazee wakaangaliana. Wakaitikia kwa vichwa kwamba kijana ana akili. Ikapita.

Alitoka pale anatembea kama bwana harusi. Amemwokoa mpenzi wake na yeye hata hajui! Akasema atamwambia siku ya mbuzi, iwe zawadi.

Ushuru ulipoanza, simu ya ofisi ikalia. Ilikuwa trankol, simu ya mbali, kutoka posta ya Taveta, na katikati, kama kawaida, alikuwa Mable, opereta wa Voi, ambaye kila mapenzi ya mji huu yalipitia masikioni mwake.

"Karani, ni yule wako wa samaki. Ongeeni haraka, nina laini ya Mombasa inangoja."

"Mable, toka kwa simu."

"Nitatoka nikitaka."

"Bwana Ushuru!" Sauti ya Wayua ilikuja kwa mbali, inakwaruza. "Umekula?"

"Nimekula, dalingi. Na wewe umeniota?"

"Nimeota mbuzi zako zimekula ile suruali."

Mable akacheka huko katikati.

"Sasa sikiza," Wayua akasema. "Hii ada imekuja mbaya. Musyimi amepandisha mtumbwi wa pili pwani, ameufunika. Kitheka ameenda kutafuta kazi ya mkonge. Musyimi anasema iwe hivyo mpaka mbuzi zifike, hizo pesa za ada ziwe za kupikia wageni."

"Vizuri sana! Si huo haukuwa na kazi?"

"Hauna kazi? Thadeus, wewe hujui ule mtumbwi ni wa..."

"Saa yenu imeisha!" Mable akaingia. "Mombasa inanipigia kelele."

"Mable, mwache amalize!"

Laini ikakatika, kriii. Thadeus akarudisha simu huku anatabasamu. Atamalizia siku ya gari moshi.

Gari moshi likaja. Wayua hakuwa ndani.

Asubuhi iliyofuata simu ikalia tena. Safari hii Mable hakusema neno la utani. Alisema tu, "Thadeus, pokea."

"Musyimi amekufa," Wayua akasema.

Hakulia. Sauti ilikuwa kavu kama mbao.

Kiboko. Pale matete yanapobana njia ya maji, kiboko aliinuka chini ya mtumbwi, akaupindua, Musyimi akanaswa na nyavu zake mwenyewe. Watu walioko pwani walimsikia akiita. Walimsikia! Lakini kutoka pwani mpaka pale ni mbali, na mpaka waburute mtumbwi majini, sauti ilikuwa imekwisha. Walimtoa kwenye matete, nyavu zimemzunguka shingo.

"Wayua... mama yangu... pole. Sijui niseme nini."

"Mtumbwi wa nyuma haukuwepo." Akapumua. "Ule mtupu. Haubebi samaki ndio uwe mwepesi. Ndani ni kamba na kisu na mtu mmoja. Kazi yake ni kumwangalia wa mbele. Kitheka anaimba ndio Musyimi ajue yuko nyuma yake. Tangu babu yetu hakuna mtu wa Jipe aliyeingia peke yake."

Thadeus alishika meza.

"Chifu amesema huko kwenu kuna mtu alisimama," Wayua akaendelea polepole. "Akaambia wazee kwamba kila jamaa ana mtumbwi wa bure. Ni nani huyo, Thadeus? Wewe uko ofisi hiyo. Nitajie tu jina."

Angeweza kudanganya. Mdomo ulifunguka kabla hajafikiri.

"Ni mimi. Lakini Wayua, si ni wewe uliniambia? Ulisema unarudi mtupu kila siku. Ulikuwa unacheka!"

Waya ulikuwa unavuma tu, kutoka Voi mpaka Salaita mpaka Taveta, maili na maili za upepo. Lile neno lilikuwa limeshatoka, halirudi.

"Ndiyo," Wayua akasema. "Nilikuwa nacheka."

Akaweka simu chini. Na Mable, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alisikika tu akivuta makamasi.

Thadeus alienda mazishini. Alisimama nyuma kabisa, mbali na watu wa nyumbani, amevaa shati lilelile jeupe. Wayua alipita karibu naye na leso nyeusi kichwani, bangili amevua zote. Alimwangalia kama mtu anavyoangalia ukuta. Mzee Ndambuki hakumjua. Alimshika mkono, akamwambia ahsante kwa kuja, mwanangu. Hilo ndilo lilimvunja zaidi.

Voi ikawa mji mwingine. Gari moshi liliingia, vikapu vikashuka mikononi mwa wanawake wengine. Zile mbuzi zililia nyuma ya nyumba mpaka akampa jirani. Trankol alizopiga Taveta zilijibiwa na karani wa posta: binti amesema hayuko.

Akarudi mbele ya kamati.

"Mtumbwi wa nyuma usilipe. Si wa biashara, ni wa kuokoa watu. Nilikosea."

"Tumwachie mtu ada kwa sababu mtumbwi ni mtupu?" Mwenyekiti akavua miwani. "Kijana, kesho mitumbwi yote ya Jipe itakuwa mitupu. Mtumbwi ni mtumbwi. Wewe mwenyewe ndiye ulisema."

Wazee wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Wakaenda kwa jambo lingine, choo cha soko.

Thadeus akaacha funguo za ofisi juu ya meza.

Alifika Jipe na lori la mkonge, amekaa juu ya marobota, vumbi mpaka kwa kope. Ziwa lilikuwa limelala, milima ya Pare ng'ambo imeshika mawingu, matete yanachezacheza. Pwani, Mzee Ndambuki alikuwa anapanga nyavu kwenye mtumbwi wa mwanawe. Peke yake. Mtumbwi wa pili ulikuwa umepinduliwa hapo kando, majani yameanza kuota pembeni yake.

Wayua aliinuka kutoka kwa majiko ya kukaushia samaki. Alikuwa amekonda.

"Umefuata nini?"

"Mtumbwi ule nimeulipia ada. Chifu anajua."

"Nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Unajua kusukuma upondo?"

"Hapana."

"Umejifunza kuogelea?"

"Hapana."

"Sasa hapa utafanya kazi gani, Thadeus? Tukutafute na wewe kwenye matete?"

"Nitakaa nyuma," akasema. "Utanionyesha upondo. Nitamwangalia mzee. Basi."

Mzee Ndambuki alikuwa ameacha nyavu, anasikiliza. Akaelewa sasa huyu ni nani. Uso wake ulikunjamana. Alimwangalia kijana kwa muda mrefu, kutoka afro mpaka chini, halafu akatema mate kando, akasukuma mtumbwi wake majini. Hakusema njoo, na hakusema usije.

Wayua alimtazama babake akienda. Mgongo wa mzee, halafu maji, na nyuma yake hakuna kitu.

"Shika huku," akasema.

Waliupindua ule mtumbwi wa pili, wakang'oa majani, wakauburuta pamoja bila kugusana. Akamwonyesha upondo: zamisha, egemea, vuta. Akaingia ndani akachukua kamba na kisu, akamtupia magotini.

"Usivue hata samaki mmoja. Usimkaribie sana. Usimwache aende mbali. Na uimbe."

"Niimbe nini?"

"Chochote. Ajue uko."

Thadeus akasukuma. Mtumbwi ulizunguka kama kuku mlevi, ukagonga magogo, ukanyooka. Sauti ikatoka nyembamba ya ajabu, wimbo wa kanisani wa Kidawida, mbovu kushinda punda wa Kitheka. Wanawake wa pwani waliacha kazi kuangalia. Hakuna aliyecheka.

Wayua alisimama kwenye matope mpaka jua likapanda na samaki wake wakaungua. Hakuondoka. Alisikiliza tu. Ule wimbo ulipopotea ndani ya matete alishika kitambaa chake kwa mikono miwili. Uliposikika tena, alikivuta zaidi.

Mitumbwi miwili ikarudi. Mmoja una samaki, mwingine hauna kitu. Mzee alishuka akapita kati yao, akaenda nyumbani.

Thadeus alishuka, akateleza, maji ya ziwa yakamfika magotini. Bel-bottom ikajaa ikavimba, akashindwa kuinua mguu. Wayua akamshika mkono wa shati akamvuta mpaka pakavu. Halafu akauachilia.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Na mbuzi usiniletee."

"Sitaleta."

Akainama kuokota samaki wa babake, mmoja mmoja, anawatia kikapuni. Hakumwangalia.

"Kesho uvae suruali fupi," akasema. "Hiyo itakuzamisha."