Jana Hatukulaza Mgomba

Mwaka 1994 malori ya misaada ya wakimbizi yaliijaza barabara ya Nyaishozi mpaka sisi wa pikapu tukakosa pa kupita. Tukajifanya wajanja, tukawa tunakatiza katikati ya nyumba za watu, kwenye vinjia vya migombani. Wenyeji walichoka, wakaanza kulaza magogo ya migomba njiani ili tupunguze mwendo. Sisi tuliyakanyaga tu, tena kwa kicheko. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alikuwa na masikio?

Jioni moja nilikuwa napeleka chumvi Murongo. Kwenye kona ya migombani, msichana wa miaka kama saba alisimama njiani, mkono juu. Nikafunga breki.

"Shikamoo," akanong'ona dirishani. "Njoo utafune kahawa kwa mama."

Huku kwetu mgeni hupewa punje za kahawa atafune, na kahawa ya mwenyeji haikataliwi. Nikashuka, nikamfuata. Alinuka nyasi mbichi... na hatua zake sikuzisikia.

Uani palikuwa na msiba. Watu wameketi kwenye nyasi mbichi zilizotandazwa. Mama mwenye nyumba, Kokushubira, akaniletea punje za kahawa kwenye jani la mgomba. Nikatoa pole, nikamwambia binti yake ndiye aliyenikaribisha.

Akanitazama.

"Binti yupi?"

Nikageuka. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Mumewe, Apolinary, akaeleza taratibu kwamba walikuwa na binti mmoja tu, Vestina, na mchana ule wamemzika. Gari lilimkanyaga jana yake jioni, pale kwenye kona, likaenda zake.

Nikajitetea kabla sijaulizwa. Nikasema jana nilipita pale, ndiyo, lakini nilikanyaga mgomba tu.

Apolinary akainama.

"Jana hatukulaza mgomba."

Nilingoja mapanga, nilingoja laana. Laiti wangenipiga. Kokushubira aliniongezea punje moja.

"Alikuwa anaogopa giza," akasema. "Usimkimbize."

Sikuelewa, mpaka nilipopanda gari. Kiti cha pembeni kilinuka nyasi mbichi.

Nilikwenda polisi mwenyewe, nikafungwa, nikatoka. Hadi leo naendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na wenzangu hunicheka. Kila giza likianza kuingia, sauti ndogo huniuliza...

"Tumefika?"

"Bado, mama," namjibu, machozi yakinitoka. Sijui nimpeleke wapi.